Kuchomelea Alumini: Usome Kwanza Mtungi

Ukisimama Forodhani asubuhi na kutazama bahari, utaziona boti za mwendo wa kasi zikiingia na kutoka bandari ya Malindi. Boti hizo huvuka kati ya Unguja na Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Zimebeba mamia ya watu, mizigo yao, na watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Je, umewahi kujiuliza zimetengenezwa kwa kitu gani?

Si mbao, kama majahazi ya Nungwi. Si chuma, kama meli kubwa za mizigo. Boti kadhaa za Kilimanjaro, zile za Azam Marine, zimejengwa kwa alumini. Zilijengwa mbali sana, katika mji wa Hobart, kisiwa cha Tasmania, nchi ya Australia, kwenye kiwanda cha Richardson Devine Marine. Alumini hiyo ni ndugu wa ile ya sufuria yako ya wali. Bamba limeunganishwa na bamba kwa moto wa umeme. Humo hamna kalafati. Kinachozuia maji yasiingie ni mshono wa fundi.

Mshono huo haukutengenezwa na moto peke yake. Kulikuwa na hewa maalumu, haionekani wala hainuki, iliyotoka katika mtungi na kuufunika moto wakati wote fundi alipokuwa akifanya kazi. Hewa hiyo tutaiita gesi ya kukinga. Katika makala hii tunaeleza gesi hiyo inafanya nini, na kwa nini gesi isiyo yake huharibu alumini hata kama mkono wa fundi ni mzuri.

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima wa mwani, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu. Siku hizi vitu vya alumini vimeingia kila mahali. Kuna madirisha, ngazi, matangi, mikono ya mashine za boti, na vidau vya alumini vyenyewe. Vitu hivi huvunjika. Vikivunjika tunavipeleka kwa fundi, naye hutuuliza fedha zetu.

Tuseme kikundi cha wavuvi kina kidau cha alumini, nacho kimepasuka ubavuni. Wanakipeleka kwa fundi mashuhuri wa mageti. Mageti yake hayana mfano. Anawasha mashine, anachomelea, anapiga msasa, anapaka rangi. Kazi inapendeza. Baada ya miezi miwili kidau kinaanza kulia maji pale pale. Wanarudi kwa fundi, maneno yanakuwa makali. Huyu anasema bamba bovu, wale wanasema fundi bovu. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya mtungi. Alitumia gesi ya kuchomelea chuma.

Ngozi ya alumini

Kwanza tuijue alumini yenyewe. Chukua kipande ukikate kwa msumeno. Pale ulipokata panang'aa. Lakini hata kabla hujaweka msumeno chini, oksijeni iliyomo hewani imekwisha kuishika alumini na kuivika ngozi. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, huwezi kuiona kwa macho. Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Kutu ya chuma humeguka na kuacha chuma kiendelee kuliwa. Ya alumini haimeguki. Hung'ang'ania na kuilinda alumini iliyo chini yake, ndiyo maana alumini hustahimili maji ya bahari.

Ngozi hii ni baraka baharini, lakini kwa fundi ni taabu tupu. Alumini huyeyuka kwenye joto la digrii 660. Ngozi yake haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,000. Basi fundi anapoipasha moto, alumini ya ndani inakuwa maji wakati ngozi ya juu bado ngumu. Umewahi kuona maziwa yaliyochemshwa, utando juu na maziwa chini? Ni mfano huo huo. Matone mawili ya alumini yanaweza kukaa bega kwa bega na yasiungane, kila moja limo ndani ya mfuko wake.

Tena alumini hukimbiza joto haraka kuliko chuma. Unachoma hapa, joto limekwisha kufika kule. Na haibadiliki rangi kuwa nyekundu ili kukuonya. Imetulia, imetulia, mara tundu.

Zamani mafundi walitumia dawa ya unga au ya uji ili kuila ngozi hiyo. Walipaka dawa, kisha wakachomelea kwa moto wa gesi. Zipo pia fimbo za kuchomelea za alumini zilizopakwa dawa ya namna hiyo, na zinauzwa hadi leo. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini ina chumvi kali ndani yake. Isipooshwa yote kwa maji ya moto na brashi, inabaki kwenye mshono na kuanza kuila alumini yenyewe. Kwa mguu wa kiti unaweza kusamehe. Kwa kitu cha kwenda baharini sisi hatuishauri.

Gesi iliyoitwa mvivu

Dawa iliyo bora ilikuwa karibu nasi siku zote, tunaivuta kila tunapopumua. Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Uingereza, Lord Rayleigh na William Ramsay, waligundua kwamba hewa si oksijeni na nitrojeni tu. Ndani yake mna gesi nyingine, karibu sehemu moja katika kila sehemu mia. Waliijaribu kwa kila namna, haikutaka kuungana na kitu chochote. Haiungui, haishiki kutu, haikasiriki. Wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Jina hilo ni argoni.

Uvivu huo ndio unaotufaa. Fundi anapowasha moto wa umeme, joto hufika maelfu ya digrii. Oksijeni ikikaribia hapo, inaishika alumini iliyoyeyuka mara moja na kufanya ngozi juu ya ngozi. Lakini tukiufunika moto kwa argoni, oksijeni haipati nafasi. Argoni ni kama mlinzi aliyeketi mlangoni. Hafanyi urafiki na wa ndani, na wa nje hawapishi.

Mafundi wa ndege waliitafuta njia hii. Mwaka 1941 Bwana Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, Marekani, alifanikiwa kuchomelea magnesiamu kwa ncha ya tangsteni iliyofunikwa na gesi ya heliamu. Tangsteni ni madini yasiyoyeyuka upesi. Njia hiyo leo mafundi huiita tigi. Fundi anashika tochi kwa mkono mmoja na waya wa kujazia kwa mkono wa pili. Mwaka 1948 ikaja njia ya pili, kutoka taasisi ya Battelle, huko huko Marekani. Hii ndiyo migi. Hapa waya wenyewe unatoka katika bunduki, unawaka na kuyeyuka, na gesi inatoka pamoja nao. Njia hii ni ya haraka, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya alumini nene. Chuma kilifuata baadaye.

Argoni ina kazi ya pili, nayo ni ya ajabu kidogo. Umeme ukipita ndani ya argoni, huivunjavunja gesi hiyo kuwa chembe zenye umeme. Umeme unapoelekezwa upande unaofaa, chembe hizo huipiga ngozi ya alumini na kuibandua, kama mvua ya mawe inavyopiga paa. Kwa tigi, mashine huwekwa kwenye umeme unaokwenda na kurudi. Upande mmoja wa safari unabandua ngozi, upande wa pili unayeyusha. Kwa migi, waya huwekwa upande wa chanya, na ngozi hubanduka wakati wote. Ukitazama kazi nzuri iliyopoa, utaona kando ya mshono mstari mweupe kama umefutwa kwa kitambaa. Hapo ngozi ilibanduliwa.

Mtungi wa chuma si mtungi wa alumini

Sasa tumefika penye jambo lenyewe. Mafundi wengi wa mageti wanaotumia migi wana mtungi wa hewa ukaa, yaani kabondayoksaidi. Ni gesi ya bei nafuu, na kwa chuma inafanya kazi vizuri. Wengine wana mtungi wa mchanganyiko, argoni nyingi na hewa ukaa kidogo. Huo nao ni mzuri kwa chuma.

Kwa alumini yote miwili haifai. Hewa ukaa imeundwa na kaboni na oksijeni. Ndani ya moto mkali inaachana, na oksijeni ikiwa huru hairudi nyuma. Inakwenda moja kwa moja kwenye alumini. Mshono unakuwa mweusi wa masizi, mbaya, wenye takataka ndani. Chuma kinavumilia hali hiyo kwa sababu waya wake umetiwa silikoni na manganizi za kuikamata oksijeni. Alumini haina wa kuitetea.

Huu mtungi wa mchanganyiko ndio tunaouogopa zaidi. Mtu anaweza kusema kwa moyo safi, "Hii ni argoni," na sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Lakini ile sehemu ndogo ya hewa ukaa inatosha kuharibu kazi. Argoni ya alumini iwe safi, sehemu 9,999 katika kila 10,000, au zaidi ya hapo.

Basi wewe uliyejifunza kusoma, nenda karibu na mtungi usome karatasi iliyobandikwa begani mwake. Usitegemee rangi. Rangi za mitungi hutofautiana nchi kwa nchi, na mtungi mzee huenda umepakwa rangi zaidi ya mara moja. Tafuta jina, au alama. Argoni huandikwa Ar. Heliamu ni He. Hewa ukaa ni CO na tarakimu 2 ndogo. Ukikuta Ar na CO2 pamoja kwenye karatasi moja, huo ni mchanganyiko wa chuma. Ikiwa karatasi imebanduka, mtungi huo hauna jina, na kitu kisicho na jina hatukitii motoni. Fundi mwema hatachukia ukisoma. Anayechukia ana sababu zake.

Maji ndani ya mshono

Adui wa pili ni maji. Maji yameundwa na haidrojeni na oksijeni. Moto wa umeme huyatenganisha. Alumini iliyoyeyuka huinywa ile haidrojeni kama mchanga mkavu unavyokunywa maji. Inapoanza kuganda, haiwezi tena kuishika, inaitema. Ikiganda upesi mno, povu linakwama ndani. Ukiukata mshono huo utaona matundu kama ya chila. Chila tunataka matundu. Mshono wa boti hapana.

Unguja haina uhaba wa unyevunyevu. Wakati wa masika nguo zinalala kambani siku mbili bila kukauka. Bamba lililolala nje lina umande asubuhi, na kama lilikuwa karibu na bahari lina chumvi, na chumvi huvuta maji. Waya wa alumini ukiachwa wazi kwenye mashine usiku kucha, nao hupata ngozi yenye unyevu. Mpira wa gesi uliopasuka hupitisha hewa ya nje, pia mpira mzee. Grisi na mafuta ya mashine nayo yana haidrojeni ndani yake.

Kwa hiyo kazi ya fundi huanza kabla ya kuwasha. Chumvi ioshwe kwa maji baridi na bamba likauke kabisa. Grisi iondolewe kwa asetoni na kitambaa safi. Kisha, na si kabla, ngozi isuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Brashi hiyo iwe ya alumini tu, isiguse chuma. Ukianza na brashi kabla ya kuondoa grisi, unaisukuma grisi ndani. Dawa za kusafishia zenye klorini zisikaribie kabisa, maana zikikutana na mwanga wa moto wa umeme huweza kutoa gesi ya sumu.

Sufuria kuukuu tunaipitia kwa haraka. Zile zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu huwa na mchanganyiko usiojulikana, na zimekunywa mafuta ya kupikia miaka mingi. Gesi safi peke yake haitaokoa kitu hapo.

Upepo wa kusi na fundi wa kibarazani

Mafundi wetu wengi hufanya kazi nje, kibarazani au chini ya mwembe. Kwa chuma cha fimbo hilo si tatizo, kwa sababu fimbo ina dawa yake inayoungua na kufunika mshono. Kwa gesi ya mtungi ni jambo jingine. Gesi inaweza kupeperushwa. Hata upepo mdogo unaokupoza uso unatosha kuisogeza. Kusi ikivuma, fundi anamwaga gesi yake baharini na kuchomelea alumini ndani ya hewa tupu.

Hapo wengine huongeza gesi. Wanafungua valvu mpaka inapiga mluzi. Hiyo ni kuharibu mara mbili. Gesi ikitoka kwa nguvu inazunguka kama maji ya mfereji yanayoanguka ndooni, na kuivuta hewa ya nje iingie ndani. Kwa tigi, lita 7 hadi 12 kwa dakika huwa zinatosha kazi ndogo. Kwa migi ya alumini, lita 15 hadi 20. Dawa ya upepo ni pazia la turubai, au kuingia ndani.

Tufanye hesabu kidogo. Mtungi mkubwa una nafasi ya lita 50. Ukijazwa kwa mgandamizo wa geji 200, gesi iliyomo ni 50 mara 200, yaani lita 10,000 hivi. Fundi akitumia lita 15 kwa dakika, mtungi utakwenda dakika 666, kama saa 11 za moto kuwaka. Akitumia lita 30 kwa sababu ya upepo, ni saa tano na nusu tu, na mshono bado mbovu. Turubai ni rahisi zaidi.

Heliamu

Tumeitaja heliamu, tuieleze. Argoni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Inatua juu ya kazi na kukaa. Heliamu ni nyepesi, kama sehemu moja ya saba ya uzito wa hewa. Ndiyo wanayojaza katika maputo. Ikitoka tu inataka kupaa, kwa hiyo fundi hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ifunikwe.

Sasa faida yake ni nini? Heliamu haipitishi umeme kirahisi. Umeme lazima usukumwe kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo inageuka kuwa joto. Moto wa heliamu ni mkali, unazama ndani na kutanuka. Kwa bamba nene linalokimbiza joto, hilo ni jambo jema, na hupunguza matundu kwa kuwa alumini inabaki maji kwa muda mrefu zaidi na povu linapata nafasi ya kutoka. Kwa bamba jembamba ni balaa, unatoboa. Pia moto wake ni mgumu kuwasha, na kazi ya kubandua ngozi haifanyi vizuri kama argoni. Kwa hiyo viwanda vikubwa huzichanganya hizi mbili. Hapo mchanganyiko ni halali, kwa sababu zote mbili ni wavivu.

Heliamu ni ghali. Haipatikani kwa kuchuja hewa kama argoni. Inachimbwa ardhini, na kwa miaka mingi imetoka hasa Marekani, Qatar na Algeria. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa ipo nyingi katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania. Kwa fundi wa kidau cha Mkokotoni, mtungi wa argoni safi unatosha. Tunasema hivi kwa sababu wapo wauzaji wanaopenda kumwuzia mtu kisichomhusu.

Gesi haiwezi kila kitu

Alumini ya boti si alumini tupu. Ni laini mno ikiwa tupu. Huchanganywa na madini mengine, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Mabamba ya boti mara nyingi ni aloi namba 5083, yenye magnesiamu kama sehemu nne na nusu katika mia. Fito na mabomba mara nyingi ni 6061 au 6082, yenye magnesiamu na silikoni. Namba hizo mara nyingi hupigwa chapa juu ya bamba lenyewe. Zisome pia, kwa maana waya wa kujazia huchaguliwa kwa kufuata namba hizo. Masizi mepesi kando ya mshono wa 5083 yasikutishe, mengi ni magnesiamu iliyoungua, hufutika kwa kitambaa. Masizi yaliyoganda juu ya mshono mzima ndiyo dalili mbaya.

Aloi za 6061 na 6082 hupata nguvu zake kwa kupashwa moto kiwandani. Fundi akizichomelea, pale karibu na mshono zinalainika, na hakuna gesi ya kuzuia hilo. Mlingoti mwembamba uliovunjika ukachomelewa hautakuwa kama zamani. Utiwe kiraka, au ununuliwe mwingine.

Hewa isiyopumulika

Hapa tunaomba usome polepole. Argoni si sumu. Lakini haiwezi kuvutwa ikaweka mtu hai. Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika mia. Argoni ikiingia mahali palipofungwa, inaisukuma oksijeni nje. Na kwa kuwa ni nzito, inashuka chini na kujaa kama maji, kuanzia sakafuni.

Tumbo la boti ni mahali palipofungwa. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Fundi anachomelea humo asubuhi. Saa saba anatoka kwenda kula, bunduki ameiacha chini, na valvu inavuja. Akirudi, humo hamna harufu, hamna moshi, hamna dalili. Anashuka, anainama, anazimia. Mwenzake anaona, anaruka ndani kumwokoa, naye anazimia juu yake. Watu wameshakufa kwa njia hii katika nchi nyingi, wawili wawili na watatu watatu.

Fundi akitoka ndani ya boti, hata kwa dakika tano, mtungi ufungwe kwenye valvu yake kubwa na bunduki itolewe nje. Feni iingize hewa safi mpaka chini. Mtu mmoja abaki juu wakati wote, naye asishuke hata iweje, kazi yake ni kufunga gesi, kuelekeza feni na kuita msaada. Anayefanya kazi afungwe kamba ili avutwe bila mtu kuingia.

Mwanga nao usipuuzwe. Alumini inang'aa, na moto ndani ya argoni hutoa mwanga mkali kuliko wa chuma cha fimbo. Unaunguza shingo na mikono kama jua la adhuhuri, na macho yasiyokingwa huwasha usiku kama yametiwa mchanga. Watoto wa skuli wanaosimama kutazama wafukuzwe. Mwanga huo pia hutengeneza ozoni, gesi inayowasha koo.

Kupima kabla ya kulipa

Mwenye kidau anaweza kujuaje kwamba kazi ni nzuri? Kuutazama mshono ni mwanzo tu, maana msasa na rangi huficha mengi. Mwombe fundi asipake rangi kwanza.

Kwa ufa wa kupitisha maji, kuna kipimo cha zamani kisicho na gharama. Paka chokaa iliyokorogwa kwa maji upande mmoja wa mshono, iache ikauke iwe nyeupe. Upande wa pili paka mafuta ya taa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji yanashindwa. Ngoja nusu saa. Ukiona doa linatokeza kwenye chokaa, hapo pana njia. Mafuta yote yasafishwe na kukauka kabla moto haujawashwa tena.

Kipimo kilicho bora zaidi hufanywa kabla fundi hajagusa kidau. Mpe vipande viwili vya bamba la aina ile ile. Aviunganishe kwa mtungi ule ule, waya ule ule, mahali pale pale atakapofanyia kazi. Kikipoa, akate mkwaruzo juu ya mshono kwa msumeno, akibane kipande katika jiliwa, na kukipiga nyundo mpaka kivunjike hapo hapo kwenye mshono. Kisha mtazame pamoja palipovunjika. Pakiwa pana rangi ya kijivu yenye kung'aa, pamoja bila vitobo, mpe kidau. Pakiwa na vitobo vya mviringo, kuna maji au grisi mahali, bamba lisafishwe upya na mipira ipakwe povu la sabuni kutafuta inapovuja. Pakiwa na vipande vyeusi kama maganda, turudi kwenye mtungi tukasome karatasi.